Deni la Nzaiko: Elimu ya Jinsia Shuleni na Swali la Mwenye Haki ya Kufundisha

Mjadala kuhusu elimu ya jinsia katika shule za Kenya, yaani mafundisho yanayompa kijana maarifa ya mwili wake, ya kubalehe, ya uzazi na ya maradhi ya zinaa, pamoja na maadili na sheria zinazotawala mambo hayo, kwa kawaida huendeshwa kama ugomvi kati ya watu wa dini na watu wa serikali. Upande mmoja hudai kwamba mzazi ndiye mwalimu wa kwanza wa mtoto wake katika jambo hili, na kwamba shule ikiliingilia inapora haki isiyo yake. Upande wa pili hujibu kwamba mzazi amenyamaza, na kwamba kimya hicho huwagharimu mabinti masomo yao na pengine uhai wao. Liko jambo moja ambalo pande zote mbili hulikubali bila kulichunguza, nalo ni kwamba tangu zamani kazi hii ilikuwa ya mzazi, ila mzazi wa leo ameitupa. Katika Ukambani dhana hiyo si sahihi, na kosa hilo la historia linageuza swali zima la kimaadili.

Salama, mji mdogo wa kando ya barabara kuu ya Nairobi na Mombasa katika Kaunti ya Makueni, unafaa kuwa mahali pa kulipimia swali hilo. Malori yanayobeba mizigo kutoka bandari ya Mombasa kwenda Nairobi, Uganda, Rwanda na Kongo hupita hapo usiku na mchana, na kama ilivyo Sultan Hamud, Emali, Kibwezi na Mtito Andei, sehemu kubwa ya riziki ya mji hutokana na msafiri anayehitaji chakula, mafuta, fundi wa magari na kitanda cha usiku mmoja. Mtoto anayeteremka kutoka vijiji vya milimani kwenda shule hupita mbele ya gesti na baa kabla ya kufika darasani, na humwona kila siku mtu mzima mwenye fedha za kutumia ambaye kesho hatakuwapo. Hili halina maana kwamba watu wa Salama ni wapotovu kuliko wa Wote au Kitui mjini. Maana yake ni kwamba ujinga usio na hatia, ambao wapinzani wa elimu ya jinsia hutaka kuulinda, haumo katika mambo ambayo mtoto wa mahali hapo anaweza kuchaguliwa. Barabara imekwisha kumfundisha, nayo haimwelezi lolote kuhusu wajibu.

Ili kuelewa ni nani aliyekuwa akiifanya kazi hii zamani, inafaa kuanzia kwenye desturi ambayo Wakamba waliiita nthoni, yaani haya na staha inayowaweka watu wa nafasi fulani mbali wao kwa wao. Desturi hii ilifika hata Vienna: katika kitabu chake cha mwaka 1913 kuhusu totemu na mwiko, Sigmund Freud, akiegemea mkusanyo wa James Frazer, aliwataja Wakamba kuwa ni watu ambao kwao msichana aliyebalehe alipaswa kumwepuka baba yake mzazi mpaka aolewe, akijificha anapokutana naye njiani na asiketi karibu naye kamwe. Freud alitaka kuitumia habari hiyo kuthibitisha nadharia yake ya tamaa zilizofichika, na nadharia hiyo anaweza kuachiwa mwenyewe. Kilicho na uzito hapa ni habari yenyewe, kwa kuwa Gerhard Lindblom, mwanazuoni wa Kiswidi aliyeishi Ukambani kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, naye alieleza kwa urefu desturi za kuepukana za watu hao. Katika mpango kama huo baba hawezi kuwa mwalimu wa binti yake kuhusu mwili. Akijaribu, atakuwa amevunja jambo lile lile linalomfanya awe baba.

Mafundisho yalikuwapo, lakini yaliwekwa mikononi mwa watu wengine. John Mbiti, mwanatheolojia aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, aliieleza nzaiko, yaani jando la Wakamba, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, akaonyesha kwamba ilikuwa na hatua kuu mbili. Hatua ya kwanza ilihusu kukatwa kwa mwili na ilifanywa mtoto akiwa bado mdogo. Ya pili, ambayo ndiyo iliyohesabiwa kuwa kubwa, haikuhusu kisu bali elimu, kwani vijana walitengwa kwa siku kadhaa chini ya wasimamizi na walimu, wakafundishwa nyimbo, mafumbo, desturi na siri za utu uzima, zikiwemo zile za ndoa na uzazi. Mpango huu una mantiki inayostahili kutazamwa kwa makini. Mwalimu hakuwa mzazi, hivyo nthoni haikuvunjwa. Hakuwa mgeni, hivyo aliweza kuulizwa na jamii iliyomteua. Na mafundisho hayakutolewa kwa mtoto mmoja faraghani, bali kwa kundi zima mahali palipojulikana, wakati uliowekwa, na kila mtu kijijini alijua kinachoendelea hata kama hakijatajwa. Haya ilihifadhiwa na maarifa yakatolewa, jambo ambalo mjadala wa leo huliona kama haliwezekani.

Kuisifu nzaiko bila masharti kungekuwa udanganyifu. Hatua yake ya kwanza iliwahusu pia wasichana, na ukeketaji, yaani kukata viungo vya uzazi vya mwanamke, ni dhuluma ambayo Kenya imeipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2011. Tena elimu ya unyagoni na jandoni, popote pale Afrika Mashariki, mara nyingi ilimfundisha mwanamke kuridhisha na kuvumilia zaidi kuliko kukataa. Hata hivyo ubaya wa sehemu hauthibitishi kwamba kazi yenyewe haikuhitajika, kama vile dawa chungu haithibitishi kwamba mgonjwa ni mzima.

Mpango huo ulianza kuvunjika misheni zilipofika. Mwaka 1895 Peter Cameron Scott, Mskoti aliyekulia Marekani, alifungua kituo cha kwanza cha misheni ya Africa Inland huko Nzaui, katika nchi ambayo leo ni Kaunti ya Makueni, akafariki mwaka uliofuata. Kazi aliyoianza ikazaa kanisa ambalo leo linajulikana kote Ukambani kama AIC. Wakatoliki nao wakajenga makanisa na shule zao, na sasa Makueni ina jimbo lake lenyewe, Jimbo la Wote, lililoundwa mwaka 2023. Misheni kwa jumla iliziona ngoma na sherehe za jando kuwa mambo ya kipagani na ikamtaka Mkristo ajitenge nazo, na kadiri shule ilivyoenea ndivyo siku za kutengwa zilivyopungua, hata tohara ya mvulana ikawa kazi ya hospitali au zahanati wakati wa likizo ya Desemba. Kisu kilibaki kwa wavulana, mwalimu akaondolewa. Badala yake familia ya Kikristo ilipewa fundisho jipya, kwamba baba na mama ndio wanaopaswa kuzungumza na watoto wao, bila mtu yeyote kuuliza kama nthoni nayo imebatizwa.

Hapa ndipo swali la kifalsafa linapozaliwa, nalo linaweza kuwekwa hivi: mtu anayeivunja taasisi kwa sababu ya uovu uliomo ndani yake, je, anarithi wajibu wa lile jema ambalo taasisi hiyo ilikuwa ikilitenda? Jibu linalotetewa hapa ni ndiyo. Anayeziba kisima kwa sababu maji yake yana sumu ametenda haki, lakini hawezi kuwalaumu wanakijiji kwa kiu yao, wala kuwaambia kwamba kila kaya ilipaswa tangu awali kuwa na kisima chake. Inaweza kupingwa kwamba misheni haikuacha pengo, maana ilileta katekisimu, mafundisho ya kipaimara na ushauri kabla ya ndoa. Pingamizi hili lina ukweli kiasi. Tatizo ni kwamba katekisimu ilitaja dhambi bila kuueleza mwili, na ushauri wa ndoa huja wakati wachumba wamekwisha kuwa watu wazima, ilhali hatua ya pili ya nzaiko ilimkuta mtoto akielekea kubalehe.

Kanisa lenyewe lina shahidi wa kale wa jambo hili, tena Mwafrika. Augustino wa Thagaste, katika kitabu cha pili cha maungamo yake, anasimulia jinsi baba yake alivyoziona dalili za ujana wake kwenye hamamu na kufurahi kwa kutarajia wajukuu, na jinsi mama yake, Monika, alivyomwonya faraghani dhidi ya uasherati, lakini wote wawili wakaona heri masomo yake ya ufasaha yaendelee kuliko kuushughulikia moto uliokuwa umewaka. Mzazi mtakatifu kabisa, kwa hesabu ya Kanisa, alitoa onyo tu, na mtoto anakiri kwamba halikumfaa. Wanaosema kwamba mzazi mcha Mungu anatosha hawakumsoma vizuri Augustino.

Wala mafundisho rasmi ya Kanisa Katoliki hayako upande wa kimya. Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu elimu, la mwaka 1965, lilitaka watoto na vijana wapewe elimu ya jinsia iliyo njema na yenye busara kadiri wanavyokua. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake wa mwaka 1981 kuhusu familia, alisisitiza kwamba elimu hiyo ni haki na wajibu wa wazazi na kwamba shule inapaswa kuitoa chini ya uangalizi wao. Na Papa Fransisko, mwaka 2016, aliirudia haja hiyo waziwazi. Kanuni inayotumika hapo ni ile inayosema kwamba ngazi ya juu, kama serikali, isichukue kazi ambayo ngazi ya chini, kama familia, inaiweza. Lakini kanuni hiyo ina upande wa pili unaosahauliwa, kwamba ngazi ya chini isipoweza, ya juu inalazimika kusaidia. Nchini Kenya upande wa kwanza peke yake ndio uliosikika: mwaka 1996 Kadinali Maurice Otunga aliongoza uchomaji wa hadharani wa kondomu na maandishi ya elimu ya uzazi jijini Nairobi, na viongozi wa Kiislamu nao wakawa katika upinzani huo. Miaka mitatu baadaye, Novemba 1999, Rais Daniel arap Moi aliutangaza UKIMWI kuwa janga la taifa.

Msimamo huo wa viongozi wa Kiislamu unashangaza zaidi ukitazamwa kwa macho ya fiqhi, yaani elimu ya sheria za ibada na mwenendo. Mtoto wa madrasa hufundishwa habari za hedhi, janaba na dalili za kubalehe kabla hazijamfika, kwa sababu bila maarifa hayo sala na saumu zake hazitasihi, na mapokeo humtaja Bibi Aisha akiwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuijua dini yao. Dini ambayo imeuweka mwili ndani ya somo la usafi wa ibada ina kila sababu ya kukubali kwamba mwalimu, kitabu na darasa vinaweza kuzungumza juu yake bila kuuvua heshima.

Linabaki pingamizi zito kuliko yote, la kwamba maarifa huamsha tamaa. Sokrate, kama Plato anavyomwonyesha, aliamini kwamba hakuna mtu atendaye ubaya kwa kujua, na wanaotetea elimu ya jinsia kwa imani kwamba ukweli ukitolewa mwenendo utafuata ni wanafunzi wake, wajue wasijue. Aristotle aliliona jambo hili kwa jicho kali zaidi: alisema kwamba kijana si msikilizaji anayefaa wa mafundisho ya maadili, kwa kuwa hana uzoefu na hufuata hisia zake, na alieleza udhaifu wa nia, yaani hali ya mtu kulijua lililo jema na kulitenda lililo ovu. Uchunguzi wa kisasa umewapa wote wawili sehemu ya haki. Mwongozo wa UNESCO uliorekebishwa mwaka 2018, baada ya kupitia tafiti nyingi, ulihitimisha kwamba elimu hii haiwafanyi vijana waanze ngono mapema wala kuizidisha, na hivyo hofu ya maarifa kuamsha tamaa haina msingi. Lakini mapitio mengine ya kitabibu ya mwaka 2016 yaliyojumlisha majaribio ya shuleni yalikuta kwamba mafundisho yakiachwa peke yake hayakuonyesha kupunguza maambukizi wala mimba, huku misaada inayombakiza msichana shuleni ikionyesha dalili ya kufaa zaidi. Asiyekubali matokeo yote mawili kwa pamoja anatafuta ushindi wa mjadala.

Mfano wenye mafunzo zaidi ni wa Kenya yenyewe. Mwanauchumi Pascaline Dupas alifanya utafiti katika shule 328 za msingi za magharibi mwa nchi, uliochapishwa mwaka 2011, akilinganisha mambo mawili: mafunzo kwa walimu ili waufundishe mtaala rasmi wa UKIMWI, ambao msisitizo wake ulikuwa ni kujizuia hadi ndoa, na mazungumzo ya dakika 40 hivi ambapo wanafunzi wa darasa la nane walielezwa kiwango cha maambukizi kwa umri, yaani kwamba mwanamume mtu mzima ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na virusi kuliko kijana wa rika lao. Mafunzo ya mtaala hayakubadilisha idadi ya mimba. Mazungumzo yale yalipunguza uzazi wa wasichana hao kwa asilimia 28 katika mwaka uliofuata, hasa kwa kuwaepusha na wanaume wakubwa, wale ambao vijana wa leo huwaita masponsa. Kijana hakuwa asiyesikia, kinyume cha Aristotle. Alikuwa hajaambiwa jambo linaloweza kutumika. Amri ya jumla aliijua tayari kutoka kanisani, na haikumsaidia kutofautisha hatari na hatari. Kwa msichana wa Salama, ambaye mwenye fedha hupita mbele yake kwa lori au kwa bodaboda, tofauti hiyo ndiyo elimu yenyewe.

Hata hivyo zipo njia za kutetea elimu hii ambazo zinaiharibu. Juni 2020, shule zikiwa zimefungwa kwa sababu ya korona, habari ilienea kwamba wasichana karibu 4,000 wa Machakos, kaunti jirani ya Makueni, walikuwa wamepata mimba katika miezi michache, na taifa likashtuka hadi Ikulu. Hesabu hiyo ilitokana na wasichana wa umri wa miaka 10 hadi 19 waliofika kliniki za wajawazito, hivyo ilijumlisha wa miaka 18 na 19 ambao kisheria ni watu wazima, na takwimu za kipindi kama hicho cha mwaka uliotangulia hazikuwa pungufu. Aibu ya Machakos ilikuwa ya kila mwaka. Kilichokuwa kipya ni kutazamwa. Kitaifa, utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 2014 ulikuta asilimia 18 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wakiwa wamezaa au ni wajawazito, na ule wa 2022 ukakuta asilimia 15, upungufu wa polepole ambao haumfai mhubiri wa maangamizi wala msifu wa serikali.

Mvulana husahauliwa katika hesabu hizi kwa sababu tumbo lake halionekani. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 haitambui ridhaa ya aliye chini ya miaka 18, na anayepatikana na hatia ya kumnajisi mtoto wa miaka 16 hadi 18 hukabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 15. Kijana wa miaka 18 aliyelala na mpenzi wake wa miaka 17 anaweza kuangukia humo. Nzaiko ilimweleza kijana sheria za watu wake kabla ya kumhukumu kwazo. Dola linalomfunga mtu kwa sheria ambayo halijawahi kumfundisha lina haki ndogo ya kujivunia ulinzi wa watoto, na hoja hii peke yake ingetosha kuiingiza elimu hiyo darasani hata kama hakuna msichana hata mmoja aliyepata mimba.

Kuhusu wakati wa kufundisha hapana mengi ya kubishania. Katika mtaala wa mfumo wa 8-4-4, mada ya mtazamo wa Kikristo kuhusu jinsia, ndoa na familia iliwekwa kidato cha nne, wakati wengi wa wanafunzi walikuwa na miaka 17 au 18 na baadhi ya wenzao wa kike walikwisha kuwa kina mama. Mtaala wa umilisi unaochukua nafasi yake umetawanya mambo haya katika masomo mbalimbali, na katika sekondari msingi, inayoanzia gredi ya 7, ndiko umri unakokaribiana na ule wa hatua ya pili ya nzaiko.

Swali la nani afundishe ni gumu zaidi, kwa kuwa mwalimu mwenyewe anaweza kuwa hatari. Tume ya Kuwaajiri Walimu ililazimika mwaka 2010 kutoa waraka maalumu wa kuwalinda wanafunzi dhidi ya dhuluma za kingono zinazotendwa na walimu. Makanisa kadhaa nchini yamekwisha kukiri deni lao kimatendo, kwa kuandaa semina za Desemba kwa wavulana waliotahiriwa, ingawa wasichana wa Ukambani kwa sehemu kubwa hawana kitu kama hicho. Ng'ambo ya mpaka wa Kitui, huko Tharaka, mfano upo tangu mwaka 1996, pale shirika la Maendeleo ya Wanawake liliposaidia kuanzisha sherehe ya kuwatenga wasichana na kuwafundisha bila kuwakata, iliyojulikana kwa jina lenye maana ya kutahiri kwa maneno. Kisheria pia mlango uko wazi: Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inampa mfadhili wa shule, ambaye katika Makueni mara nyingi ni AIC au Kanisa Katoliki, nafasi katika bodi ya usimamizi, wajibu wa malezi ya kiroho, na haki ya kushiriki na kutoa mapendekezo katika mapitio ya mtaala. Kwa hiyo kanisa linaweza kuwachagua wazee na akina susu, yaani nyanya, wanaoaminika, likawaketisha na mwalimu wa sayansi mbele ya gredi nzima, kwa idhini ya wazazi ambao nthoni inawazuia kusema wenyewe, na likawajibika kwa kila kinachofundishwa. Hadi sasa haki hiyo imetumiwa zaidi kuzuia yasiyotakiwa yasiingie darasani kuliko kuandika yatakayofundishwa.